Sindano Iliyomtafuta Kuku wa Mama Mwende

Leo sindano yangu ya kufundishia imemshtaki mtu kwa wizi wa kuku.

Nilikuwa nje ya ukumbi wa Kaloleni na wanafunzi. Tulisugua sindano kwa sumaku ya spika kuukuu, tukaiweka juu ya jani linaloelea kwenye beseni la maji.

Ikageuka polepole, ikaelekea kaskazini, upande wa kwetu, ambako sijafika tangu ujana.

Kwa bahati mbaya, upande huohuo uko mlango wa Baba Wafula.

"Ndiye!" akapiga kelele Mama Mwende, aliyeibiwa kuku jana.

Watu wakajaa. Baba Wafula akatoka na povu la sabuni usoni, akiapa. Wengine walishaokota mawe.

Nikalibeba beseni hadi nyuma ya nyumba yake.

"Tazameni! Sasa inaelekea kwa Mzee Mutua. Hata nikienda wapi, itaelekea..."

Mutua, aliyekuwa kwenye umati, hakungoja nimalize.

"Mwalimu, funika hiyo kitu! Kuku wake nitamlipa!"

"Na ulisema ni sayansi tu," Mama Mwende akanicheka.

Nimemaliza kusahihisha madaftari sasa hivi. Atieno ameandika: "Sumaku huvuta chuma na wezi wa kuku."

Jamani, ninyi mngempa alama ngapi?