Maziwa Yaliyorudishwa

Nikiwa msichana wa miaka tisa hivi, kazi yangu ya jioni pale Isiolo ilikuwa kupeleka maziwa kwa majirani. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea ukingoni. Baba alikuwa barabarani na lori lake, akipeleka bidhaa Garbatulla na kwingineko, na Mama alikuwa na ng'ombe wachache aliowapenda kuliko alivyotupenda sisi, au ndivyo nilivyodhani. Maziwa yetu yalisifika kwa sababu ya moshi. Dada yangu Safia ndiye aliyefukiza vibuyu. Alitia vijiti vyenye makaa ndani, akafunika, akatikisa, akasugua, mpaka kibuyu kikanukia hata kikiwa kitupu.

Safia alikuwa hajafika miaka ishirini na tayari alikuwa na watoto wawili waliopishana mwaka mmoja tu. Alikuwa amerudi kwetu kujifungua yule wa pili, kama ilivyo desturi, na alitokwa na damu nyingi hata Mama akaanza kumsomea Yasin. Aliponusurika, sista mmoja wa kliniki, Mmeru mwenye sauti ya upole, akampa vidonge vya kupanga uzazi. Safia akavificha ndani ya mkebe wa ubani. Hapo alikosea, maana Ayeyo, bibi yetu, alifukiza ubani kila Alhamisi.

Ayeyo hakupiga kelele. Aliketi na mkebe mapajani, akamwita.

"Hii ni ya nini?"

"Ayeyo, sista amesema mwili yangu ipumzike. Amesema nikibeba mimba ingine sasa hivi naweza kufa."

"Mwanamke akifunga tumbo, maziwa nayo inafungwa. Yake na ya ng'ombe. Utaona."

Nyumbani kwetu hilo halikuwa jambo la mzaha. Tuliamini kwamba tumbo la mwanamke na kiwele cha ng'ombe husikilizana. Aliyejifunga uzazi kwa kupenda hakutakiwa hata kukigusa kibuyu, sembuse kukifukiza. Ayeyo akamwondolea Safia vibuyu, lakini vidonge Safia aliendelea kuvimeza.

Na tukaona. Hazikupita siku nyingi, mtoto wa Safia akawa analia kifuani. Ananyonya, anaachia, anapiga mateke, analia tena. Kisha ng'ombe wetu mwekundu naye akakauka. Leo najua kiangazi kilikuwa kimetubana na ndama wake alikuwa ameshakua, lakini nani alikuwa na nafasi ya kufikiria kiangazi? Ayeyo alikuwa ameshasema.

Sijui nani aliyetoa maneno nje. Jioni moja Mama Asha, jirani wetu wa karibu kabisa, alisimama mlangoni kwake bila kunyoosha mkono.

"Rudisha tu, mama. Mwambie mama yako leo tuko na ya kutosha."

Nyuma yake watoto wake walikuwa wanakunywa chai ya rangi. Nikaenda nyumba ya pili, nako wakawa na ya kutosha. Nikarudi na kibuyu kimejaa, nikapita nyuma ya msikiti ili nisikutane na watu. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto, na sikujua hata ni haya ya nini. Nilijua tu kwamba kuna kitu kichafu nyumbani kwetu, na kitu hicho ni dada yangu.

Mama alikipokea kibuyu, akakiweka chini. Hakumtazama Safia.

"Mama," Safia akasema, mtoto akilia mikononi mwake, "wacha niende niulize sista kwa nini maziwa inapungua. Pengine iko dawa ingine."

"Uende usimame kwa hiyo laini ya kliniki, mji mzima ikuone? Haijatosha?"

Hakwenda. Kesho yake asubuhi alivitumbukiza vidonge chooni, Ayeyo amemsimamia. Kisha Ayeyo akamnawisha mikono kwa maji ya dua, akamrudishia kibuyu chake. Jioni ile Mama Asha alipokea maziwa kwa bismillahi, akanishika na kidevu. Nilirudi mbio nikirusharusha kibuyu kitupu, furaha tele. Mpaka leo furaha ile hunitia haya kuliko kule kurudishwa kwenyewe.

Safia akarudi kwa mumewe, na kabla mtoto hajasimama dede, alikuwa mjamzito. Alijifungulia tena nyumbani kwetu, damu ikakataa kukatika, na lori la Baba likampeleka hospitali kule milimani. Mtoto hakuishi. Safia aliishi, lakini madaktari walikitoa kizazi, na mumewe hakuchelewa kuoa mke wa pili. Wanawake waliokuja kutupa pole walikaa mkekani wakisema, "Ni ile vidonge. Imemchoma." Ayeyo alilia kwelikweli, akijipiga mapaja. "Nilisema mimi. Nilisema." Safia alijilaza akiangalia ukuta.

Nami niliamini hivyo hivyo mpaka nilipopata mtoto wangu wa kwanza. Sista wa kliniki alinitolea vidonge vya kupanga uzazi, akaniuliza kama ninanyonyesha. Nikamwambia ndiyo. "Basi hizi zinaweza kukupunguzia maziwa," akasema. "Nitakupa aina nyingine." Akanipa, akamwita anayefuata. Nilikwenda nikakaa kwenye benchi, vidonge mkononi. Kumbe Ayeyo alikuwa ameona kweli, ila sababu ndiyo hakuijua. Na jibu lilikuwa pale pale, mwisho wa laini tuliyomkataza dada yangu kusimama.

Sikumwambia Safia. Ningeanzia wapi? Kumwambia kwamba si vidonge ni kumwambia kwamba ni sisi. Mama akafa, Ayeyo alikuwa ametangulia, na mimi nikaendelea kunyamaza, nikimpelekea dada yangu sukari na nguo za Idi.

Juzijuzi nilikwenda kwake Chechelesi na binti yangu Nasra, mwenye mtoto mchanga. Watoto wa siku hizi hawana breki. Chai ilikuwa haijamiminwa, akamuuliza, "Mama mkubwa, ni ukweli hizo vidonge zilikuchoma? Mimi nimeambiwa nianze, naogopa."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema, "Dada, haikuwa vidonge." Sauti yangu ilikuwa ya yule msichana mwenye kibuyu.

Safia akaendelea kumimina chai.

"Kwani unafikiri mimi sijui?"

"Umejua lini?"

"Zamani sana. Lakini Mama alikuwa hai, Ayeyo alikuwa hai. Kama si dawa, ningesema ni nani?"

Miaka yote hiyo nilidhani ninamfichia ukweli, kumbe yeye ndiye aliyekuwa anatufichia aibu yetu. Na sisi tulikuwa tunamhurumia.

Akamgeukia Nasra, akampa kikombe.

"Enda kwa sista. Maziwa ikipungua, rudi umuulize tena. Na watu wakikuona kwa laini, wacha wakuone."