Bibi yao kaniumbua mbele ya wajukuu

Jamani, leo nimeumbuliwa nyumbani kwangu!

Nilikuwa nawasimulia wajukuu bugi, yaani dansi la vijana la mchana, pale mtaani Ngokolo, miaka ya sabini. Bendi inapiga roki, mimi na afro yangu na suruali ya bugaluu, pana chini.

Nikajitapa, "Bibi yenu aliponiona tu, akakubali kucheza."

Mke wangu, Mama Kulwa, akaacha kuchambua mchele.

"Nilidhani ni mpiga gitaa. Kumbe kashikishwa gitaa tu, mwenye gitaa kaenda kunywa maji!"

Wajukuu wakacheka mpaka machozi.

Nikamuuliza, "Ulipojua, mbona hukuondoka?"

"Ulinikanyaga tukicheza, ukapiga magoti mbele ya watu wote kunifuta kiatu. Mpiga gitaa angefanya hivyo?"



Wazee wenzangu, nyie mlipendwa kwa lipi?