Mshenga Aliyelala Mlangoni

Naona haya hata kuanza, ila kwa kuwa ukoo mzima unausimulia mkasa huu na kuutia chumvi, bora niusimulie mwenyewe, chumvi niitie kwa kipimo changu.

Mpwa wangu Baraka alitaka kumwoa Sekela, binti wa kijiji cha Ndalambo, akanichagua mimi niwe mshenga kwa sababu nina mdomo. Shida ilikuwa mgongo, unauma kila nikikaa chini. Nikavuka mpaka, nikaingia Nakonde upande wa Zambia, mama mmoja sokoni akaniuzia kichupa cha mafuta ya mmea wa bangi (tulieni, nitaeleza). Akaniita batata, yaani baba, akasema, "Haya hayalevyi. Matone machache tu chini ya ulimi."

Mimi tena, nikatazama video mbili tatu kwenye simu, nikawa mkemia. Nikajua kwamba kwenye bangi kuna kemikali nyingi, moja ndiyo inayovuruga watu vichwa, na nyingine inaitwa kanabidioli, hiyo hailevyi ila inaweza kukuletea usingizi, na kwamba inayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo ukiinywa na chakula cha mafuta inaingia mwilini kwa wingi. Mwenye akili hapo angeogopa. Mimi asubuhi ya posa nikanywa kijiko kizima, nikashushia na sahani ya kitimoto yenye mafuta yake yote. Mke wangu akauliza, "Baba Tusa, si ungepaka mgongoni tu?" Nikamcheka.

Sasa nyumba ya akina Sekela ina utaratibu wake. Mshenga hukalishwa kwenye mkeka mlangoni, kimya, wenyeji wanapita wakijifanya hawajamwona, wanapima uvumilivu wake. Nikakaa. Mgongo ukatulia kweli, mabega yakatulia, na mimi mzima nikatulia.

Nilizinduliwa na shangazi yake Sekela. "Mshenga, umekuja kuposa au kulala?"

Ukoo wote ulikuwa umenizunguka, udenda wangu uko kwenye mkeka wao, na inasemekana nilikoroma mpaka mbuzi wakasogea. Baba yake Sekela, mzee wa kanisa, akanusa hewa, akauliza taratibu, "Umevuta?"

"Hapana mzee wangu, nimekunywa."

Ningeishia hapo ningepona. Lakini nikaanza somo, mdomo umekauka, ulimi mzito, nikafika mahali pa kumwambia kwamba mwili wa binadamu wenyewe hutengeneza vitu vya jamii hiyo, "hata wewe mzee unavyo, hata ukiwa madhabahuni."

Hakuna aliyecheka. Shangazi akauliza, "Na ulijuaje kwamba kichupani mna ile isiyolevya?"

"Aliniambia aliyeniuzia."

Kemia yangu ikaishia hapo. Mzee akasema, "Binti sijamnyima. Ila waambie walete mshenga aliye macho."

Nilipompigia Baraka simu, akasema tu, "Sawa, mjomba." Hiyo sawa iliniuma kuliko mgongo. Safari ya pili akaenda mke wangu, akakaa kwenye mkeka mpaka wakachoka wao, akarudi na jibu zuri.

Siku ya harusi nilikalishwa mbele kabisa, katikati ya mashangazi wawili waliopewa kazi ya kunifinya nikisinzia. Sikusinzia hata kidogo, na bado walinifinya mpaka keki ikaliwa. Tangu siku hiyo mgongo ukiuma nauacha uume, na kichupa cha watu sionji tena.