Kikapu cha Mama Kilichorudi Ndani ya Robota

Kikapu alichosuka mama yangu kwa mkono wake kilivuka bahari kama zawadi ya harusi.

Kilirudi nyumbani kama takataka.

Ninaandika haya kwa sababu ya aliyekirudisha.

Wa kwanza kukiona alikuwa Sumaku, mchambuaji katika yadi yetu ya taka za plastiki. Tulimpa jina hilo kwa kuwa hakuna kipande cha chuma kinachompita. Asubuhi hiyo alikata waya wa robota lililotoka ng'ambo, chupa zikamwagika, naye akachomoa kitu cha zambarau na manjano.

"Madam, njoo uone maajabu! Kumbe na wao husuka vikapu?"

Nilikuwa msimamizi wa yadi. Nikakipokea, nikakigeuza.

Nikakitazama kitako.

Mama yangu hutumia mkono wa kushoto. Husuka vikapu kwa mikanda ya plastiki ya kufungia maboksi, na kwa sababu ya mkono wake, mizunguko ya kitako huenda kinyume na ya wasukaji wengine wote. Wenzake humtania: "Wewe bibi, kikapu chako kinatembea kinyumenyume."

Hiki kilizunguka kinyume.

Bado sikuamini. Mimi si mtu wa kurukia mambo. Nikatazama mpini. Siku ya kufungasha zawadi ile mpini ulikatika, nami niliufunga kwa waya wa buluu.

Waya ulikuwepo.

"Ni cha mama yangu," nikasema.

Sumaku akacheka mpaka akashika kiuno. "Kikapu kimepanda meli mara mbili, na wewe hata pasipoti huna!"

Alipoona sicheki, akarudi kwenye chupa zake.

Nirudi nyuma kidogo, msije mkapotea.

Yadi ile ilikuwa kwenye shamba la mama, karibu kabisa na mlango wake. Kaka yangu, mkubwa wetu, yule aliyepelekewa kikapu siku ya harusi yake, anaishi ng'ambo na anafanya kazi katika kampuni inayosafirisha taka za plastiki. Ni yeye aliyekuja likizo, akatukalisha sebuleni na kutupa habari njema.

"Mama, haya ni mabaki safi ya viwandani. Mnayasaga, tunayauza. Yasiyouzika ni kidogo tu, yanaingia kwenye tanuri. Moshi wake ni kama wa jikoni kwako."

Mama akatoa shamba. Angemnyimaje? Alimsomesha kwa vikapu hivyo hivyo. Mimi, kitinda mimba, nikapewa usimamizi.

Mabaki safi, eti. Tulifungua marobota tukakuta nepi zilizotumika, mirija ya hospitalini, viatu visivyo na wenzake. Kaka akasema ni makosa ya bandarini. Makosa yakaja na kila meli.

Yasiyouzika yakazidi yanayouzika, na tanuri halikupoa. Moshi wake ulikuwa mweusi na wa kunata. Nguo za mama zilianuliwa zikiwa na madoa. Kisha kifua chake kikaanza kupiga filimbi, na daktari akamwuliza swali moja tu: "Mama, unaishi karibu na nini?"

Nilipompa kaka taarifa hiyo, akacheka. "Huo ni uzee. Mambo haya nimeyasomea, mdogo wangu."

Nami nikatulia. Ukoo wetu wote ulikuwa na mtaalamu mmoja tu, na ndiye huyo.

Wiki ile ya kikapu, kaka alikuwa akisubiri neno la mama. Alitaka tanuri la pili, kubwa kuliko la kwanza, lijengwe nyuma ya nyumba. Mchanga na matofali vilikuwa vimeshamwagwa. Likisimama lile, mama hapumui. Kuliona hilo hakukuhitaji shule.

Nikampelekea kikapu sebuleni. Hakukitazama. Alikipapasa kitako kwa kidole gumba.

"Changu."

"Ndiyo, mama."

"Aliniambia mkewe anawekea mkate. Aliniambia kiko mezani." Akakipakata. "Mpigie."

Nikapiga kwa simu yake, nikaweka sauti ya nje.

"Mama yangu mzazi!" Kaka alikuwa mchangamfu. "Umeshaamua juu ya tanuri?"

"Kikapu changu hakijambo?"

"Kikapu? Aa, kipo, mama. Kila mgeni anakisifia."

"Wamekisifia mpaka kimerudi. Nimekipakata hapa."

Nilisikia kijiko kikigonga kikombe upande wa pili. Kikaacha kugonga.

"Mama, kilichakaa. Tulikitia kwenye pipa la plastiki ili kitengenezwe kitu kipya. Huku hatutupi ovyo, kila kitu kina pipa lake."

"Kumbe pipa lenyewe ni mimi," mama akasema.

Nikaingilia. "Kaka, ulisema mabaki ya viwandani. Hizi ni taka za mtaani kwako."

"Wewe nyamaza, naongea na mama! Mama, sikiliza. Zilichanganyika kidogo, sikatai. Lakini ule moshi hauna madhara. Ungekuwa nayo, mimi ningeuweka karibu na mama yangu?"

Mama akaniangalia. Nikaona usoni mwake kwamba anataka kumwamini.

Hapo ndipo paliponiuma.

Nikayaepa macho yake, nikatazama ukutani. Juu ya kochi kuna picha ya kaka kwenye fremu. Yuko barabarani mbele ya umati, mwanawe mdogo mabegani, mkononi ameshika bango lenye maandishi ya lugha ya huko. Alipoituma alisema ni sherehe ya mtaa wao, na yeye ndiye mwenyekiti. Kila mgeni wetu alionyeshwa. Hakuna aliyewahi kuuliza bango linasema nini, hata mimi.

Simu yangu hutafsiri maandishi ukiyaelekezea kamera. Niliitumia kila siku kusoma vibandiko vya mizigo yadini.

Nikaiinua.

Maneno yakageuka kwenye kioo, moja baada ya jingine. Nikayasoma kwa sauti, kaka akiwa bado hewani:

"Ondoeni tanuri la taka mtaani kwetu. Moshi wa plastiki unaua watoto wetu."



"Unasoma nini hapo?" kaka akauliza. Uchangamfu ulikuwa umekwisha.

"Bango lako. Liko ukutani kwa mama."

Kaka yangu hajawahi kukosa jibu. Hata siku hiyo alilipata. "Mama, elewa. Huku nyumba zimebanana. Huko kuna nafasi, kuna upepo. Moshi unachukuliwa."

"Unapelekwa wapi?" nikauliza.



"Na tanuri la kwenu," mama akauliza, "walilifunga?"

"Walilifunga, mama. Tulishinda."

"Hongera, mwanangu. Ukashinda, kisha moto wake ukauleta kwa mama yako."

Akakata simu. Mama yangu huwa hakati simu. Siku zote husubiri mwenzake akate.

Mchanga na matofali viliondoka kabla ya wiki kwisha. Yadi ikafuata. Mimi sina kazi, na baadhi ya wachambuaji hawaniamkii tena. Siwalaumu. Walikuwa na watoto wa kulisha na mimi sikuwapa kazi nyingine.

Mkidhani marobota yalibaki ng'ambo, mmekosea. Kaka alitafuta shamba jingine, chini bondeni, la mjane asiye na mtu wa kumsomea mabango. Sumaku yuko huko sasa. Nilimfuata nikamweleza kila kitu nilichokijua. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Madam, wewe una mama mwenye shamba. Mimi nina njaa."

Upepo ukigeuka, kifua cha mama kinajua kabla ya pua zetu.

Basi, ndugu msomaji, mtu akikwambia kitu fulani hakina madhara, usimwulize amesoma wapi. Mwulize kitu hicho kiko umbali gani na kitanda cha mwanawe.

Kikapu mama hakukitupa. Anawekea dawa za kifua.

Picha nayo ipo pale pale juu ya kochi. Nilipanda kiti niishushe, mama akanizuia.

"Iache," alisema. "Hapo mwanangu alikuwa anasema kweli."