Maji ya Kunawa Baada ya Mazishi

Kazi yangu ni kupokea simu za wateja kwenye ofisi ya maji hapa Kigali. Wakilalamika kwamba bomba limekauka, nawajibu nilivyofundishwa: vumilieni, mafundi wako njiani. Mafundi gani, njia gani, sijui.

Tulipomzika mama, tulirudi nyumbani kwake Kabuga ili watu wanawe mikono, kama ilivyo desturi yetu. Bomba likakohoa hewa tupu. Waombolezaji wakasimama foleni na udongo wa kaburi viganjani, majirani wakinikodolea macho mimi, mtu wa maji.

Nikamgeukia bosi wangu, aliyekuja kunizikia mama. Mwenye amri ya kutuma gari la maji ni yeye. Akanishika bega, tena kwa upole.

“Vumilia,” akasema, “mafundi wako njiani.”