Ukuta wa Shubiri

Kila Januari nyasi za kando ya reli, nyuma ya ploti yetu ya mabati pale Makadara, hukauka kau. Mtu anachoma takataka zake, upepo unavuma, na moto unakuja kutubishia mlango. Moto wa namna hiyo ndio uliomuua mama mdogo, dada wa mama yangu, akiwa amelala mchana baada ya zamu ya usiku kiwandani.

Baada ya mazishi mama aliona kitu ambacho sisi wengine tulikipita tu. Katikati ya majivu kilibaki kichaka cha shubiri, kibichi, kimebabuka ncha peke yake. Alikichimbua, akatenganisha machipukizi, akayapanda yamebanana kutoka kona ya choo mpaka nyumba ya mwisho. Majirani walicheka, eti mama anajenga ukuta wa majani. Shubiri zikanenepa. Kiangazi kimoja moto ukaja, ukafika pale, ukanuna, ukafa. Hakuna aliyecheka tena.

Shida ni kwamba shubiri ni dawa, na sisi watu wa ploti hatuwezi kuona dawa imekaa bure. Aliyetaka kumwachisha mtoto ziwa alikuja kuomba utomvu mchungu wa kupaka kwenye matiti. Kuku wakiugua, jani linakatwakatwa ndani ya maji yao. Mama hakumnyima mtu.

"Kata jani," alikuwa akisema, "lakini mzizi usiguse."

Mwaka jana kideri kiliingia, kuku wakafa ovyo. Watu waling'oa. Waling'oa upande wa mbali, nyuma ya nyumba ya mwisho, ambako mama na magoti yake mabovu hakufika tena kukagua. Kiangazi kiliporudi, moto ulipita papo hapo. Mama alikuwa kwenye nyumba hiyo, amempelekea uji bibi mmoja mgonjwa. Alimsukuma bibi nje kwanza. Paa likaanguka kabla yeye hajatoka.

Nilikasirika hadi machozi yakakataa kutoka.

Tuliporudi kutoka kumzika kijijini kwetu, magharibi, jirani mmoja mwenye kuku alikuja mlangoni kwetu ameshika mkebe wa rangi. Ndani yake kulikuwa na shubiri.

"Nilichukua moja tu," alisema. "Nikaona nipande kwa mlango wangu, nisisumbue mathe kila saa."

Nilitaka kumtukana. Kabla sijafungua mdomo, akaja mwingine na beseni lililopasuka.

"Hata mimi, moja tu. Pole sana, wangu."

Mpaka jioni walikuwa wamejaza kibaraza chetu. Hakuna aliyekuwa mwizi. Kila mmoja alichukua moja tu.

Tulizipanda pamoja. Pengo lote liliziba. Nilisuuza mikono, nikageuka kumwita mama aje aone.