Kipindi cha Enid Chafika London

Enid Threlkeld alikuwa mpiga chapa katika kituo kidogo cha televisheni kaskazini mwa Uingereza. Kwa miaka kumi na mmoja alichapa mapendekezo ya vipindi vya wenzake. Mwaka 1974 akachapa la kwake, kuhusu wanawake wafugaji wa kondoo milimani.

"Enid, huko London nani atakaa kutazama kondoo?" bosi wake, Garside, alimcheka. Hata hivyo akampa kamera moja na siku nne.

Kipindi kilipelekwa London kwa wakubwa walioamua kipi kionyeshwe nchi nzima. Wiki tatu chakula hakikumpita kooni. Ijumaa Garside akaja mbio.

"Wamekichukua! Hawakukata hata dakika!"

"Acha utani, bosi."

"Nikutanie mimi?"

Enid aliketi ngazini, akashusha pumzi, akaomba chai na mkate wa siagi. Alikula vipande vitano.